Kulia kwa Nani? Maneno ya Nahodha Anayejiandaa kwa Mtihani wa Vitendo

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wake wengi hulikuta neno "nahodha" uwanjani kabla ya kulikuta majini. Nahodha ni mchezaji aliyefunga kitambaa mkononi, anayeitwa na mwamuzi kuchagua upande na kutumwa na wenzake kwenda kulalamika. Neno limepanda mlima na kukiacha chombo chake chini. Asili yake ni Kiajemi, likapita katika Kiarabu, na sehemu zake mbili zilimaanisha chombo cha majini na bwana wake.

Halikupanda peke yake. Mambo yetu "huenda mrama" hata pasipo na wimbi, viongozi "hushika usukani", mradi hukosa "dira". Mwanafunzi wa sekondari aliyezaliwa Laela huikariri methali isemayo "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" na kuieleza vizuri katika mtihani, ilhali hajawahi kuambiwa kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa, yanakokusanyika maji ya kukumbwa. Kwake tezi ni ile ya mwilini. Hakuna ubaya katika hilo. Sitiari huishi hivyo. Ubaya huanza maneno hayo yanapotakiwa kurudi majini na kufanya kazi yake ya kwanza, ambayo ni kumfanya mtu mwingine atende jambo moja, sasa hivi, bila kuuliza.

Nimelifikiria jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu. Amezaliwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, na sasa ni baharia katika yoti za watalii huko Zanzibar. Alikuja Sumbawanga kwa likizo, akiwa na daftari lililojaa mistari, kujiandaa kwa mtihani wa unahodha. Baada ya shikamoo na habari za safari aliniambia, "Mjomba, Kiingereza cha mtihani ninakimudu. Kinachonishinda ni kwamba nikiamrisha kwa Kiswahili, kila mtu hufanya lake." Nilidhani anatafuta orodha ya istilahi. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba alikuwa ameuliza swali zito kuliko hilo.

Mtihani wenyewe ni wa Royal Yachting Association, chama cha Uingereza ambacho vyeti vyake hutambuliwa na waajiri wa yoti katika nchi nyingi, na ngazi anayoitafuta ni ya unahodha wa pwani. Kabla ya kukubaliwa, mtahiniwa awe amekaa siku 30 chomboni, amesafiri maili 800 za bahari, ameongoza safari kwa siku 2 na kusafiri usiku kwa muda wa saa 12. Angalau nusu ya safari hizo ziwe katika maji yenye kupwa na kujaa, kwa hiyo utoto wote wa Ziwa Tanganyika haumsaidii sana. Awe pia na cheti cha redio na cha huduma ya kwanza. Hakuna karatasi ya maswali. Mtahini hupanda chomboni na kuangalia: chombo kinavyoondoka gatini na kurudi, kinavyoshika boya kwa tanga bila injini, kinavyomrudia mtu aliyeanguka majini, nahodha anavyopanga safari na, zaidi ya yote, anavyowatumia watu wake. Nahodha anayekimbia huku na huko akifanya kila kitu mwenyewe hujipunguzia alama, hata kama kila kitu amekifanya sawasawa.

Lipo jaribio moja ambalo mwanaisimu hawezi kulisikia akatulia. Mtahiniwa huteremshwa chumbani, mahali asipoweza kuona nje, akapewa ramani ya bahari, saa na vipimo vya kina na mwendo. Kutoka humo, kwa sauti tu, humwongoza mshika usukani mpaka mahali palipotajwa. Hana kidole cha kuelekeza wala jicho la kukonyeza. Hawezi kusema "kule". Viashiria vyote ambavyo mazungumzo yetu ya kila siku huvitegemea, "hapo", "huku", "upande huo", vimenyang'anywa. Kinachobaki ni maana ya neno, na ikiwa neno lina maana mbili, chombo kitaifuata ile isiyotakiwa.

Tulilijaribu jaribio hilo barazani. Mpwa wangu alikaa chumbani na mlango ukafungwa. Binti yangu alishika ufagio, mpini wake ukiwa mkono wa usukani. Neno la kwanza kutushinda lilikuwa jepesi kuliko yote.

Kulia

Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Neno hilo limejengwa juu ya mwili wa mtu anayesema, na mwili hugeuka. Mpiga makasia hukaa akiangalia nyuma. Kulia kwake ni kushoto kwa chombo. Anayefungua kamba omoni hugeuka kumsikiliza nahodha aliye tezini, na kulia kwa wawili hao zikapingana. Waingereza walikwepa shida hii kwa kuzipa pande za chombo majina yasiyo ya mwili: upande wa kulia uliitwa kwa jina la kasia la kuongozea, lililokuwa likifungwa ubavuni upande huo. Anayelitamka jina hilo hana haja ya kutaja anaelekea wapi.

Kiswahili hakina jozi ya namna hiyo iliyokubalika, na nimekutana na watafsiri wanaoiziba pengo kwa "demani", wakidhani maana yake ni kushoto. Sivyo, na nitaeleza punde. Mimi siungi mkono kubuni neno jipya. Inatosha kulifunga neno tulilo nalo: "kulia kwa chombo", "kushoto kwa chombo", na kufundisha kwamba chomboni neno "kulia" likiwa pweke halitolewi kama amri. Kwa kuwa taa ya kushoto kwa chombo ni nyekundu na ya kulia ni ya kijani, kila chombo kimebeba kamusi yake ubavuni usiku kucha.

Hata hivyo, kuufunga upande hakumalizi tatizo. Swali la pili ni: nini kiende kulia? Chombo kidogo huongozwa kwa kana, yaani mkono wa usukani. Ukiisukuma kana kulia, ubapa wa usukani huenda kushoto na omo nayo huenda kushoto. Injini ya kupachika inayotumika katika boti za Ziwa Tanganyika hufuata kanuni ileile: mpini ukienda kulia, boti huenda kushoto. Amri ya "kulia!" kwa mtu aliyeshika mpini ina tafsiri mbili halali zinazopingana kabisa.

Hili liliwasumbua hata wenye bahari kubwa. Kwa karne nyingi amri za usukani katika meli za Uingereza zilitaja upande wa kana, si upande wa omo. Usiku wa Aprili 1912, barafu ilipoonekana mbele ya Titanic, amri iliyotolewa ilitaja upande wa kulia, na meli ikageuka kushoto, kama alivyokusudia aliyeamrisha. Uingereza iliiacha desturi hiyo mwaka 1933, na tangu hapo upande unaotajwa ni ule unakoelekea usukani na omo. Mtafsiri anayepewa kumbukumbu za meli za kabla ya mwaka huo na azingatie tarehe kabla ya kuandika "kulia", la sivyo meli yake itagonga kitu ambacho ile ya kweli ilikikwepa.

Wiki ya pili tulishuka Kasanga. Barabara kutoka Sumbawanga kupitia Matai ni kilomita 112, na kuelekea mwisho wake uwanda unakatika, joto linakupokea, na ziwa linajitandaza mita 1,000 chini ya mji uliotoka. Hapa ndipo penye bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, na ambayo kwa miaka mingi ilipokea meli ya Liemba ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu. Jina la meli hiyo lina hadithi ya kilugha. Livingstone alipofika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867, aliliandika kwa jina alilolisikia kwa wenyeji: Liemba. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la gavana. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na ilipoanza safari tena mwaka 1927 ilikuwa imepewa jina la maji yenyewe.

Tuliazima boti ya mbao kwa jamaa yetu mmoja mvuvi, na kijana wake akashika injini. Mpwa wangu alisimama mbele kuwa nahodha. Tulipokuwa tunaukaribia mwalo, mtumbwi ulitokea kutoka nyuma ya boti zilizoegeshwa. "Kulia!" alipiga kelele, mazoezi yote ya barazani yalikuwa yamemtoka. Kijana aliusukuma mpini kulia kwa utii kamili. Boti ikaenda kushoto, kuuelekea mtumbwi ambao mbele yake ameketi mtoto. Aliyetuokoa ni mwenye mtumbwi, aliyechimba kasia majini na kusimama. Boti yetu ilipita ikiukwaruza ubavu wake.

Mpwa wangu alimgeukia kijana kwa hasira. "Si nimesema kulia?"

"Kaka, nimepeleka kulia," alijibu, na mkono wake bado ulikuwa huko.

Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo linalotisha. Jioni ile tulikubaliana juu ya amri moja: "Omo kulia." Anayeamrisha hutaja mahali anapotaka omo iende, namna ya kuifikisha huko ni kazi ya aliyeshika kana. Mshika usukani huirudia amri kwa sauti, "Omo kulia," kabla ya kutenda, na akishatenda husema, "Omo imekwenda kulia." Kurudia huku si adabu ya kijeshi. Kumo katika misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 2001, na kazi yake ni kumpa nahodha nafasi ya kusikia kosa lingali katika sauti, kabla halijafika majini.

Goshini na demani

Sasa niilipe ahadi yangu kuhusu "demani". Goshi, ambayo wengine huitamka joshi, ni pembe ya chini ya tanga iliyo mbele, inayofungwa kuelekea upande unakotoka upepo. Demani ni kamba inayoivuta pembe ya nyuma, upande wa pili. Kutokana na kamba hizo mabaharia wa pwani walipata majina ya pande mbili za chombo: upande wa goshini ndio unaopokea upepo, na upande wa demani ni ule unaokingwa nao. Chombo kikigeuka na upepo ukapiga ubavu mwingine, goshini na demani nazo hubadilishana. Kwa hiyo demani huweza kuwa kushoto asubuhi na kulia adhuhuri. (Ipo pia demani ya majira, wakati kusi inapolegea kuelekea mwisho wa mwaka. Muktadha huzitenganisha bila taabu.)

Naona katika jozi hii ustadi ambao lugha nyingi hazina kwa wepesi huo. Tuna mifumo mitatu ya kutaja mahali: wa mwili wa msemaji, wa chombo, na wa upepo. Nahodha huihitaji yote na hatakiwi kuichanganya. Chukua kanuni ya kimataifa ya kuepuka migongano inayohusu vyombo viwili vya tanga. Kinachopata upepo upande wake wa kushoto hukipisha kinachopata upepo upande wa kulia. Vikiwa vyote vinapata upepo upande mmoja, kilicho goshini hukipisha kilicho demani. Sentensi ya kwanza inatumia mfumo wa chombo, ya pili mfumo wa upepo. Nimesoma tafsiri za kanuni hii zilizoandikwa "kilicho juu" na "kilicho chini". Mtu wa Ufipa ataelewa kwamba chombo kimoja kiko mlimani.

Bisha na pindua

Kitenzi "kubisha" kinapendwa na watunga kamusi kwa sababu maana zake zinashikana mikono: kubisha hodi, kubishana, na kukibisha chombo, yaani kusonga kuelekea upepo unakotoka kwa kwenda upande huu na upande huu. Zote zina kitu kinachokinza. Upepo wa mbisho ni ule unaokukabili usoni. Kwa mwanafunzi wa yoti neno hili ni zuri na salama, mradi alitumie kwa mwendo mzima wa mapindo, si kwa kila kona.

"Kupindua" si salama. Kamusi hulipa maana ya kukigeuza chombo kielekee upande mwingine, na pia maana ya kukilaza juu chini. Pwani, baina ya watu waliokulia chomboni, hali yenyewe hueleza ni ipi. Lakini baharia wa siku hizi huenda ametoka Kirando, Mwanza au Dodoma, na "Pindua!" ikitamkwa katika upepo mkali itamfanya asite, naye akisita chombo hakisiti. Kuna tatizo la ziada. Jahazi lenye tanga la pembe tatu kwa kawaida hugeuka kwa kuuzungushia upepo tezi, na foromali huhamishwa kupitia mbele ya mlingoti, kazi ya watu kadhaa. Yoti hugeuka kwa njia zote mbili, kwa omo au kwa tezi, na mtahini huzitaka zote. Zikiitwa kwa jina moja, mtu atavunjika kichwa, maana yoti inapogeuka kwa tezi, mti wa chini ya tanga hufagia juu ya sitaha kwa nguvu kubwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nilimpendekezea mpwa wangu "geuza kwa omo" na "geuza kwa tezi". Ni mapendekezo tu. Msomaji mwenye wazee wa bahari karibu na awaulize. Nitafurahi kuyaacha yangu kwa yaliyo bora.

Kelele ya mtu kuanguka ni "Mtu majini!", si "Mtu ameanguka!", kwa kuwa anayejikwaa sitahani naye ameanguka. Hufuata upande, "kulia kwa chombo", na mmoja huteuliwa kumwelekezea kidole aliye majini bila kumwondolea macho. Hapa kiashiria, ambacho jaribio la chumbani lilitunyang'anya, hurudi kwa heshima zote, maana katika mawimbi kichwa cha mtu hupotea upesi.

Saa kumi na dakika kumi na mbili

Mtu aliyekulia Kasanga hakui na kupwa na kujaa. Ziwa hupanda na kushuka kwa miaka na kwa mvua, wala halimkimbii mtu kati ya asubuhi na adhuhuri. Mwezi wanaujua sana, lakini kwa hesabu nyingine: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Pwani mwezi ni kalenda ya maji. Ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Katikati huja maji mafu. Zanzibar wakati wa bamvua tofauti ya juu na chini huzidi mita 3. Kitenzi "kupwa" kimetuzalia "pwani", mahali maji yanapopwa, na "kupwelewa", yaani kuachwa na maji ukiwa umekwama. Ziwani hatuna pwani kwa maana hiyo. Tuna ufukwe, na mahali pa kushushia samaki ni mwalo. Mvuvi wa Unguja angesema diko.

Maneno haya mpwa wangu alikwisha kuyajua kwa kazi. Kosa lake lilikuwa kwingine. Usiku mmoja nilimpa jedwali la maji na zoezi la kupanga kuingia katika mlango wenye mwamba, kwa yoti ambayo mkuku wake umezama mita 2. Tuseme maji yanajaa 10:12. Aliandika kwenye daftari, kwa Kiswahili, "maji kujaa saa kumi na dakika kumi na mbili", kisha akapanga kufika jioni, akipiga hesabu zote kwa usahihi wa kupendeza.

Msomaji ameshaona. Saa 10:12 ya jedwali ni saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na dakika kumi na mbili ni 16:12. Mtu yeyote aliyewahi kukosa basi au ndege kwa sababu hii anajua kwamba kati ya saa ya Kiswahili na saa ya jedwali kuna tofauti ya saa 6. Lakini majini tofauti hiyo ina ubaya wake wa pekee, kwa kuwa kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna takribani saa 6 na dakika 12. Anayekosea saa ya basi hukuta basi limeondoka. Anayekosea saa ya maji hufika wakati maji yamefika chini kabisa, akiwa na hakika kwamba yako juu kabisa. Hakuna kosa jingine la tafsiri nilijualo ambalo hukugeuzia ukweli upande wa pili kwa ukamilifu namna hiyo.

Nilimwonyesha. Alikaa kimya, akakokotoa upya, kisha akasema, "Mjomba, hapo ningekuwa na wageni wanane."

Siamini kwamba dawa ni kuiacha saa yetu. Saa inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza ina mantiki yake, na familia nzima haitabadilisha saa ya chakula kwa ajili ya yoti. Dawa ni kuzitenganisha kimatamshi. Chomboni saa ya jedwali husomwa tarakimu moja moja, kama ilivyo desturi ya redio: "moja, sifuri, moja, mbili". Isipewe neno "saa" kabisa. Saa ya Kiswahili ikitajwa kwa wageni au kwa mpishi, iandamane na sehemu ya siku: "saa nne asubuhi". Walimu wa tafsiri wanaotoa zoezi la saa kwa mifano ya mikutano na vipindi vya darasa watapata usikivu zaidi wakileta jedwali la maji.

Mengine nayataja kwa haraka. "Kina mita 2" ni taarifa nusu, kwa sababu kipimo kinaweza kuwa kimewekwa kuhesabu kutoka juu ya maji au kutoka chini ya mkuku, na baina ya hesabu hizo mbili ndipo chombo kinapokwama. Iwe "mita 2 chini ya mkuku". Upepo hutajwa kwa unakotoka na mkondo kwa unakokwenda, hivyo upepo wa kusini na mkondo wa kusini hukabiliana. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa huandika kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa, ilhali mtahini huzungumza kwa mafundo, fundo moja likiwa maili moja ya bahari, mita 1,852, kwa saa. Kilomita 40 kwa saa ni karibu mafundo 22. Anayesikia 40 na kudhani ni mafundo atabaki bandarini siku ambayo wenzake wanasafiri, na hilo angalau ni kosa la upande wa usalama.

Alipoondoka Sumbawanga, basi lilikuwa la alfajiri, na baridi ya Juni ilikuwa imetufunika wote kwa mablanketi. Daftari lake sasa lilikuwa na safu mbili: amri ya Kiingereza atakayoitoa mbele ya mtahini, na amri moja ya Kiswahili, moja tu, atakayowapa watu wake baadaye. Mistari mitatu ilikuwa bado mitupu upande wa Kiswahili. Binti yangu, ambaye kwa wiki mbili alikuwa mshika usukani wa ufagio, alimuuliza basi lingeondoka saa ngapi.

"Moja, moja, sifuri, sifuri," alianza, kisha akacheka na kujirekebisha. "Saa kumi na moja alfajiri. Sifuri, tano, sifuri, sifuri."